Ndama Hasifiwi Akiwa Zizini

Kibaoni, 12 Juni 2023

Mzee Maduhu, shikamoo.

Kabla hujalalamikia mwandiko wangu, ujue nimeandika polepole. Ningepiga simu kama watu wengine, ila mara ya mwisho nilikuuliza hali ya Mama, ukanijibu habari za dawa ya kupe mpaka salio likaisha. Masikio yako yameshastaafu kama wewe mwenyewe, basi tubaki na barua. Hii nampa kondakta wa basi la Mpanda, ataiacha dukani kwa Marsela pale stendi, na Venant wa pikipiki akimaliza kushusha maziwa ataipandisha huko Litapunga pamoja na madumu yake matupu.

Nina jambo, Mzee. Naomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Halmashauri imekubali kuniruhusu nikipata chuo, mwaka huu au mwakani. Baada ya hapo zamu ni ya mwingine.

Swali ninalotaka kulichunguza unalijua, maana nilikusumbua nalo tangu tukiwa ofisi moja. Akina mama wa kijiji cha Mamba wanachanganya mbegu mbili za mpunga kwenye jaruba moja, ile ndefu inayonukia na ile fupi isiyo na ladha. Sisi maafisa tunawakataza. Wanaitikia, wanatushukuru, tukigeuka wanachanganya. Juzi nimemuuliza tena Mama Josephina Baltazari kwa nini. Akacheka, akasema, "Ukizitenganisha zinanuna." Nimelala na neno hilo wiki nzima. Mpunga unanuna vipi? Na unamnunia nani? Misimu miwili ijayo mbegu mpya ya dukani itakuwa imefika kila shamba, na swali langu litakuwa limekufa bila jibu.

Chuo kinataka watu wawili wa kunisemea. Mmoja ni mwalimu aliyenifundisha chuoni. Wa pili awe mkubwa wangu wa kazi, na mkubwa wangu ni wewe. Ndiwe uliyenipokea Litapunga nikiwa na begi moja na viatu vya kisigino, ukanipa chumba kwako mwaka mzima. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Unaandika, unafunga, unaituma mwenyewe. Mimi siruhusiwi kuiona.

Msalimie Mama. Mwambie mwanao Kabula aitunze ndoo yangu. Kila nikija kwenu, kabla sijamaliza kusalimia nimeshashikishwa ndoo niende kisimani, mpaka najiuliza kama mnanikumbuka mimi au mnakumbuka maji.

Dorice Kassiani


Litapunga, 21 Juni 2023

Dorice, marahaba.

Mgeni hupewa kiti, mtoto wa nyumbani hupewa ndoo. Siku ukiona umepewa kiti hapa kwangu, ujue kuna jambo.

Barua nimeandika. Niliwafukuza wote sebuleni, nikavaa miwani, nikaandika kwa kalamu ya wino, Kiingereza safi cha serikali. Nikafunga, nikapiga sahihi juu ya gundi kama walivyoagiza, nikamwambia Venant aifikishe posta Mpanda mkononi mwa mtu, asije akaiacha dirishani. Nilichoandika siwezi kukuambia, kanuni ni kanuni. Ila nimekuandikia kama ambavyo ningemwandikia mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Kuhusu mpunga wa Mamba, mimi nasema ni ndege. Ile fupi inawahi kukomaa, ndege wanashiba hapo, ile ndefu inasalimika. Nimekumalizia swali lako, sasa nenda kasome kitu kingine.

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Kibaoni, 18 Septemba 2023

Mzee, shikamoo.

Si ndege. Nimeangalia, zinakomaa pamoja.

Na chuo wamenikataa.

Nimeanza na ndege kwa sababu hilo la pili lilikuwa halitaki kuandikika. Jibu lilikuja Ijumaa, mistari michache, na neno "tunasikitika" limo mara mbili. Nililisomea ndani ya stoo ya mbegu, nikakaa juu ya gunia, nikalia mpaka Ambrosi mlinzi akagonga mlango akidhani paka amefungiwa. Kisha nikaenda Mamba kama ratiba ilivyosema, nikafundisha watu kupanda kwa mstari huku macho yamevimba. Mama Josephina akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Akasema basi kula kwanza, akanipakulia wali.

Naumia, sitakuficha. Nilishajiona huko. Lakini kinachoninyima usingizi ni kutojua wamekataa nini. Wamekataa swali? Wamekataa alama? Wapo waliopita na alama ndogo kuliko zangu, nawajua kwa majina. Mbegu isipoota unafukua uone kama imeoza au imeliwa na mchwa. Mimi sijaambiwa hata nifukue wapi.

Dorice


Litapunga, 27 Septemba 2023

Dorice mwanangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikaenda kukaa na ng'ombe, maana Mama angeniuliza nina nini.

Nikuambie habari za kukataliwa, kwa sababu huko nina uzoefu. Nilipotoka Usukumani na mifugo ya baba nikiwa kijana, kijiji cha kwanza walitupokea kwa marungu. Cha pili walitusikiliza kwa adabu, wakatupa maji ya kunywa, kisha wakatuonyesha njia ya kutokea. Cha tatu tulikaa msimu mmoja. Hapa Litapunga walitukubali kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na mwenyekiti hakutaka kutoka nje kuja kutufukuza. Nimesoma nikiwa hapa, nimepata kazi nikiwa hapa, nimezeeka hapa. Kwa hiyo usijikunje ukitafuta ubaya wako. Wakati mwingine ni mvua tu.

Lakini najua sitakuzuia. Kama unataka kufukua, wapigie simu uwaulize. Kuuliza si ujinga, na kwako ni ugonjwa kabisa.

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Kibaoni, 9 Oktoba 2023

Mzee Maduhu,

Nilipiga simu kama ulivyoshauri. Nikampata karani mmoja mwenye huruma, anaitwa Selestine. Alisema haruhusiwi kuniambia kitu, kisha akaniambia. Swali langu lilipendwa. Alama zilitosha. Tatizo ni watu wa kunisemea. "Mmoja alikusifu, dada. Yule mwingine bora asingeandika."

Mwalimu wangu nimempigia. Amenisomea barua yake yote.

Sina la kuongeza. Ndoo mpeni mwingine.

Dorice Kassiani
Afisa Kilimo, Kibaoni


Litapunga, 19 Oktoba 2023

Dorice,

Barua yako fupi kama risiti ya dukani. Nimeigeuza nyuma nikitafuta shikamoo, haipo. Mama anasema umepata mchumba, eti watu wakipata mchumba husahau kusalimia. Kama ni hivyo tuambie, tusikae gizani.

Huyo aliyekuharibia ni huyo mwalimu wako. Usibishe. Amekusomea sifa tupu, sivyo? Nilijua. Mtu akisifu mno, mwenye akili anajiuliza anaficha nini. Mimi niliandika kwa adabu, yeye akamwaga sifa kama maji ya kuoshea vyombo, wakashtuka.

Ngoja nikupe habari njema labda utachangamka. Kabula anaposwa. Wazee wa ukoo wa Mwandu walikuja Jumapili, na ilikuwa zamu yangu kumsema binti. Nikawaambia, "Huyu mtoto jua linamkuta kitandani. Ugali wake una madonge. Akienda shamba, jembe ndilo linamsubiri yeye. Kama mnamtaka mchukueni, mtajionea wenyewe." Ungewaona wale wazee walivyofurahi. Walitazamana, wakaguna vizuri, wakaondoka wameshikana mikono. Kabula alikuwa nyuma ya mlango amejiziba mdomo kwa kanga. Ningesema ni mchapakazi, wangerudi kwao wanaulizana tunamficha ugonjwa gani.

Hayo nilifundishwa na baba. Ndama hasifiwi akiwa zizini, jicho la hasidi litamwona. Siku akishavuka lango, hapo sasa unasimama unamsifu mpaka koo linakauka, maana si wako tena.

Harusi ni baada ya mavuno. Utakuja, na ndoo yako ipo. Hakuna mwingine wa kumpa.

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Kibaoni, 27 Oktoba 2023

Mzee, shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya ile barua iliyopita.

Hongera nyingi kwa Kabula. Sina mchumba, mwambie Mama asihangaike kushona nguo.

Nina swali moja, na nakuomba uvunje kanuni unijibu. Nimesoma habari za wale wazee nikiwa nimesimama getini kwa Ambrosi, nikasahau nilikuwa natoka kwenda wapi. Ile barua ya chuo, uliandika kama ulivyomsema Kabula?

Dorice


Litapunga, 3 Novemba 2023

Dorice, marahaba zote mbili.

Kwani ningeandikaje? Mambo yameshapita, basi na kanuni imepita. Niliandika hivi, nakuwekea kwa Kiswahili:

"Nimemfahamu binti huyu miaka mingi. Bado hajajua kitu. Maswali yake ni mengi kuliko kazi yake, na akitumwa mahali huchelewa kwa kuwa husimama njiani kuangalia majani. Sidhani kama atawafaa watu wakubwa kama nyie. Mkimchukua, mtajionea wenyewe."

Nilipofika kwenye "mtajionea wenyewe" nilivua miwani nikaifuta. Kabula mwenyewe sikumsema vizuri hivyo. Sasa niambie wewe uliyesoma, mtu mwelewa akiyapata maneno haya, si anajua kabisa kwamba nyumba hii inatoa kitu kikubwa?

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Kibaoni, 10 Novemba 2023

Mzee wangu, shikamoo.

Nimecheka, nikalia, nikacheka tena mpaka Ambrosi akaja kuuliza kama ni malaria. Sasa nitakuambia wazi, kwa sababu kukuficha ni kukudharau.

Wale watu si wakwe. Hawajui kwamba walikuwa wameletewa mwali. Uliposema sijajua kitu, waliamini sijajua kitu. Uliposema sitawafaa, wakakushukuru kimoyomoyo kwa kuwaonya. Barua iliyoninyima nafasi ni hiyo yako.

Na mimi nina langu la kukuambia. Nimekuwa na hasira na wewe mwezi mzima. Nilidhani umefanya makusudi ili nisiende mbali. Nilikumbuka siku niliyokuaga kuhamia huku Kibaoni, ulivyosema "wote mnaondoka" ukaenda kuangalia ng'ombe bila kunipa mkono. Nikasema, huyu mzee amenifungia. Nisamehe. Kwetu Mpanda mjini bibi yangu alinisifu mpaka majirani wakawa wakimwona wanabadilisha njia, kwa hiyo sikujua kwamba kuna nyumba ambako kunyamaza ndiko kusifu.

Sasa nataka kujua, na siulizi kwa lawama. Inawezekana mtu wa kwenu akamsifu aliye wake? Hata kwa dharura? Maombi yanafunguliwa tena mwakani, na mwakani ndio mwisho wa ruhusa yangu.

Dorice


Litapunga, 24 Novemba 2023

Dada Dorice, shikamoo.

Ni mimi Kabula. Nimekupigia hupatikani, najua uko Mamba bondeni, ndiyo nampa Venant karatasi hii aiwahishe basi.

Baba aliisoma barua yako akiwa amesimama, alipofika katikati akakaa. Jioni hakula. Mama akamwandikia kwenye kipande cha gazeti, "Una nini?" Akasema, "Nimemfungia lango mtoto wa watu." Halafu akaniambia nimpigie pasi ile suti aliyoagwa nayo kazini. Tukadhani kuna msiba mahali. Kumbe jana alfajiri amepanda basi la kwenda huko chuoni kwako. Baba na masikio yale, dada. Ameandika jina la mji kwenye kadibodi ili amwonyeshe kondakta, na simu ameiacha juu ya kabati, anasema ya kazi gani.

Mama anafagia uwanja tu, ameshaufagia mpaka hauna vumbi. Kama unamjua mtu huko, tunaomba uulizie. Na akija kwako usimkasirikie. Kwenye posa yangu alitaja jina lako, akasema wewe ndiye mtoto wake wa kwanza kwa uvivu. Wazee walicheka sana.

Mdogo wako,
Kabula


Kibaoni, 28 Novemba 2023

Mzee, shikamoo.

Barua hii itakusubiri kwa Marsela. Isome pale pale kabla hujapanda pikipiki.

Jana Selestine karani alinipigia. "Dada, kuna mzee hapa mapokezi amevaa suti. Hasikii. Tumemwandikia kwamba uamuzi umeshapita, amesoma, ameikunja karatasi akaiweka mfukoni, na anaendelea kusema. Ana sauti ya kuitia ng'ombe. Watu wametoka madarasani." Nikamwambia asogeze simu karibu na wewe.

Nilisikia, Mzee. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta la jaruba, mahali pekee panaposhika mtandao, na Mama Josephina pembeni yangu. Nilikusikia ukisema nilikuja na viatu vya kisigino, kesho yake nikavifungia kwenye begi na sikuvitoa tena. Ukasema mvua ya mawe ilipopiga kila mtu alikimbilia ndani, mimi nikakimbilia shambani kuona mpunga upi unaanguka kwanza. Ukasema wewe ulikataza akina mama kuchanganya mbegu mpaka ukastaafu, na mimi siku yangu ya kwanza Mamba niliwauliza kwa nini wanachanganya. Halafu ukasema, "Huyu amenizidi," ukakohoa, ukarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya wakubwa.

Mama Josephina aliniuliza ni nani huyo anayepiga kelele kwenye simu. Nikamsogezea simu asikie mwenyewe.

Sikujua, Mzee. Miaka yote hii nilikuwa nachota maji yenu na sikujua.

Dorice


Litapunga, 5 Desemba 2023

Dorice mwanangu,

Nimefika salama. Miguu imevimba, Mama ananikanda kwa maji ya chumvi na kunisema, na uzuri ni kwamba simsikii.

Yule Selestine amelelewa. Alinipa chai na maandazi nikiwa bado naongea. Mwisho akatoka profesa mmoja mwembamba, akaniandikia kwenye karatasi, "Mzee, kwa nini hukuyasema haya mwanzo?" Nikamwambia, kwa sababu alikuwa bado wangu. Akanitazama, akafikiri, akaandika, "Mwambie aombe tena." Mwaka huu wameshafunga, hata waziri hafungui. Hilo nimelikubali.

Uliuliza kama inawezekana kumsifu aliye wako. Haiwezekani. Ndiyo maana alfajiri ile pale stendi ya Mpanda nusura nirudi nyumbani. Basi limeshawasha injini na mimi mguu mmoja uko chini. Nilijua nikiyatamka yale mbele ya watu, wewe umeshavuka lango, na mimi sina ruhusa tena ya kukuita wangu. Nikapanda. Nimeyatamka. Mwakani nitaandika vizuri bila kuvua miwani, kwa sababu nitakuwa naandika habari za mtu wa watu.

Nitumie mbegu za huyo Mama Josephina, ndefu na fupi. Nina kipande cha bonde nyuma ya zizi. Nataka kuona zinavyonuna.

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Litapunga, 14 Mei 2024

Dorice,

Zimenuna.

Nilipanda majaruba matatu, moja la ndefu, moja la fupi, moja la mchanganyiko. Juzi ulikuja upepo na mvua ile ya kuaga msimu. Asubuhi nimekwenda, ndefu peke yake yote imelala, masuke yamo ndani ya maji. Fupi peke yake imesimama imara kama askari, lakini nani ataila? Kwenye mchanganyiko, ndefu imeiegemea fupi. Imeinama kidogo, haijalala. Nimesimama pale nikishangaa mpaka Mama akaja kunitafuta, akaniongoza nyumbani kama mtu aliyeona mzimu.

Usiniandikie kwamba jaruba moja si ushahidi. Najua utaandika.

Barua ya chuo imeondoka leo na Venant. Nilimsomea Mama kwa sauti kabla sijaifunga. Alilia kidogo, kisha akaniandikia nipunguze, wasije wakadhani tunauza kitu kibovu. Sikupunguza.

M. Maduhu
Afisa Kilimo (Mstaafu)


Kibaoni, 2 Juni 2024

Mzee, shikamoo.

Jaruba moja si ushahidi.

Lakini niliposoma nilikwenda Mamba siku hiyo hiyo, wala haikuwa zamu ya Mamba. Mama Josephina yuko katikati ya kuvuna. Nikamwambia, kumbe ndefu inaiegemea fupi. Akasema, "Si nilikuambia." Nikamwambia hukuniambia, ulisema zinanuna. Akanyoosha mgongo, akanitazama kwa huruma. "Mtu anayelala chini mchana kutwa hataki kuinuka, kwenu mnasema amefanya nini?"

Sasa nina maswali mapya. Fupi inapata nini kwa kuegemewa? Kwa nini isichoke? Na ni nani wa kwanza kufikiria kuziweka pamoja? Mama Josephina amesema hayo niende nikamuulize Mungu, yeye ana mpunga wa kupura.

Dorice


Kibaoni, 9 Septemba 2024

Mzee, shikamoo.

Wamenikubali.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikatoka nje, nikarudi kuangalia kama bado lipo. Selestine amepiga simu mwenyewe, anasema barua yako imesomwa na ofisi nzima.

Naondoka mwezi ujao. Nitapita Litapunga kuaga, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba. Andaeni ndoo.

Dorice


Chuoni, 3 Novemba 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Nimepata chumba, kina dirisha na jirani anayekoroma. Yule profesa mwembamba ndiye msimamizi wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Jaruba moja?" Nikajisikia niko nyumbani.

Ila kuna jambo nimelibeba tangu Litapunga, na sitasoma vizuri nisipolitua.

Nilifika kwenu siku ile nimeshakunja mikono ya blauzi. Mama akatoka na kiti. Kile cha mgongo mrefu, cha wageni. Akakifuta kwa kitenge chake, akakiweka kivulini. Nikasema naomba ndoo, na wote mkawa viziwi kama wewe. Kabula amekuja kutoka kwa mume wake kunichinjia kuku. Nikanawishwa mikono. Nikakaa meza moja na wewe, ukanisogezea firigisi, wewe ambaye hujawahi kumwachia mtu firigisi. Nilikuwa mgeni wenu wa heshima na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Njia nzima ya kurudi Mpanda nililia nyuma ya Venant, akadhani ni vumbi, akaniazima miwani yake.

Uliniambia mapema, nikipewa kiti nijue kuna jambo. Na jambo lenyewe nililitafuta kwa machozi. Lakini nakuambia ukweli, Mzee, siku waliponikataa niliumia, na siku mliponipa kiti niliumia zaidi.

Basi nauliza, maana ndio ugonjwa wangu. Ndama akishavuka lango, kuna njia ya kurudi zizini?

Dorice


Litapunga, 17 Novemba 2024

Dorice, marahaba.

Ng'ombe hana njia hiyo. Nilimuuliza hadi jirani yangu Ng'washi, ambaye amechunga kuliko mimi, akasema hajawahi kuiona. Kuhusu mtu, hatujui. Hakuna hapa aliyewahi kumtoa mtoto kwa barua, kwa hiyo baba hakunifundisha kinachofuata.

Nikuambie kilichotokea, ufikirie mwenyewe. Wiki iliyopita Kabula alikuja kusalimia. Wakati wa kuondoka akachukua ndoo yako, eti ya kwake imetoboka. Nikamwambia airudishe, ina mwenyewe. Mama akaniandikia baadaye alichojibu Kabula: "Mwenyewe si tulimpa kiti?" Mimi nilikuwa nimeshaliona hilo jibu mdomoni kwake, nikageuka kuangalia ng'ombe. Uziwi nao una faida zake.

Ndoo imebaki. Nimeitundika ukutani, kwenye msumari wa koti langu. Koti nimelihamishia mlangoni.

Mvua zimeanza, kisima kimejaa. Likizo yenu ni lini?

Baba yako,
Maduhu